Bonde Lisilo na Mstari wa Buluu

Gad Mucyo alifundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa huko Karagwe, Tanzania, kabla hajafundisha hata siku moja katika nchi alikozaliwa. Mwaka 1960 alivushwa mpaka akiwa na umri wa miaka minne, mgongoni mwa mama yake, Kamikazi. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1996 akiwa mjane asiye na mtoto, na safari hii yeye ndiye aliyembeba mama, kwa sababu miguu ya Kamikazi ilikuwa imeanza kukataa na macho yake yameingia ukungu. Nyuma yao alikuja Vestine, dada yake mdogo, na masanduku mawili na kuku mmoja ambaye hakufika.

Gad alipata kazi katika shule moja ya sekondari mjini Gisenyi, pamoja na chumba cha mwalimu ambamo kitanda na meza viligusana. Mama na dada waliwekwa kwenye orodha ya waliorudi, wasubiri kiwanja.

Alikuwa mwalimu mzuri. Waliosoma kwake bado wanasema hivyo. Alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni jinsi mwamba unavyoongoza mto. Jumamosi moja aliwapeleka wanafunzi wake hadi darajani Nyundo, akawaonyesha mto Sebeya ukishuka na maji yake mazito.

"Mnadhani mto unakwenda unakotaka?" aliwauliza. "Mto hauna hiari. Mwamba ndio unaoamua."

Akawaonyesha milima ya kusini na mashariki. Ile ni miamba ya zamani sana, alisema, migumu, haipitishi maji. Mvua ikinyesha juu yake haina pa kuingia, kwa hiyo inateremka kwa vijito vingi vinavyoungana kama matawi yanavyoungana na shina. Penye ufa au mshipa laini, kijito kinafuata hapo, ndiyo maana unakuta mto unapinda ghafla kana kwamba umeitwa. Kisha akawageuza watazame kaskazini, kwenye volkano. Kule vijito vinashuka kutoka kileleni kila upande, kama mbavu za mwavuli, lakini vikifika chini kwenye lava iliyopasukapasuka vinamezwa. Maji yanapita chini ya ardhi na kuja kutokea ziwani.

"Ndiyo maana ukitoka hapa kwenda Mbugangari mpaka Goma huoni mto hata mmoja," alisema. "Si kwamba mvua hainyeshi. Mwamba unakunywa."

Wanafunzi waliandika: mwamba unakunywa.

Mwezi Julai 1997 kamati ya makazi ya waliorudi ilitafuta mahali pa kujenga nyumba sitini upande wa Nyakiriba. Mwenyekiti wake alikuwa Gatete, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, mtu mrefu mwenye haraka katika kila jambo. Kujenga milimani hakukuwezekana, kwa sababu waasi walikuwa wakipita huko na watu walikuwa wakiuawa. Mashamba mazuri yalikuwa na wenyewe. Palibaki bonde moja pana, la nyasi, lisilolimwa na mtu, karibu na barabara ambako askari walikuwa na kituo. Gatete alikuja shuleni kumtafuta Gad.

"Ticha, wewe unajua ramani. Njoo utuangalizie."

Gad alikwenda na ramani yake ya shule, iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Bonde lile lilikuwa kati ya kuta mbili za mawe meusi ya volkano, yale ambayo wenyeji huyaita makoro. Kila ukuta ulikuwa ulimi wa lava ulioshuka zamani na kuganda. Katikati palikuwa pakavu, upepo haufiki, na nyasi zilikuwa laini. Alitandaza ramani juu ya jiwe. Sebeya ilikuwepo, mstari mnene wa buluu, na matawi yake upande wa kusini. Hapa walipokuwa wamesimama hapakuwa na mstari wowote.

Alikuwepo pia mama mmoja wa hapo jirani aitwaye Mukantwari, aliyekuwa akivuka mpaka kila siku kuuza maharage Goma. Alikuwa amepita na mzigo wake, akautua, akawatazama.

"Mwalimu, kuuliza haiko mubaya," alisema. "Munataka kujenga hapa chini kabisa?"

"Ndiyo, mukecuru. Hapa upepo hautasumbua watu," Gad alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Lakini maji iko napita hapa."

"Lini?"

"Ile mwaka binti yangu wa kwanza aliolewa. Na mbele ya ile, mi ningali mutoto."

"Mara mbili tu katika maisha yako yote?"

"Mara mbili ile niliona na macho yangu."

Gad alimweleza kwa heshima, polepole, jinsi lava ilivyo na nyufa, na jinsi maji yanavyoingia ndani yake hata kabla hayajakusanyika. Alimwonyesha ramani. Mukantwari aliitazama ramani kwa muda, kisha akatazama mawe.

"Bon, makoro inakunywa, ni kweli," alisema. "Lakini hata mulevi, iko siku anakunywa mpaka anatapika."

Wanakamati walicheka. Gad naye alicheka, tena akaiandika sentensi ile kwenye daftari lake kwa sababu aliona itafaa darasani. Mukantwari akajitwisha mzigo wake, akaenda zake.

"Kwa hiyo, Ticha?" Gatete aliuliza. "Ndiyo au hapana?"

"Maji ndiyo yatakayokuwa shida," Gad alijibu. "Kuyapata, nataka kusema. Wanawake watatembea mpaka Sebeya. Lakini kwa mafuriko, hapa hakuna wasiwasi."

Maneno yale yakatosha. Kabla ya Krismasi nyumba sitini za matofali ya udongo zilikuwa zimesimama katika safu mbili, zimeezekwa mabati. Vestine na mama yake walipewa ya mwisho kabisa, upande wa chini, ng'ambo ya bonde, karibu na ukuta wa pili wa lava. Kamikazi aliushika mlango kwa viganja, akauliza kama kweli nyumba ni yake. Alipoambiwa ndiyo, alikaa mlangoni siku nzima. Tangu hapo mlango ule ukawa mahali pake. Aliketi hapo kwenye mkeka akichambua maharage kwa vidole, maana macho hayakumsaidia.

Ikawa kama Gad alivyosema. Bonde lilikuwa kavu. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa wingi ambao hata wazee hawakuukumbuka, Sebeya ikafurika Nyundo na kuchukua migomba, na wale wa bondeni walikanyaga ardhi yenye unyevu tu. Gatete alimshika Gad bega mbele ya watu. "Huyu," alisema, "huyu anajua kazi yake." Robinah, mke wa Gatete, fundi cherehani aliyekuja na mashine yake kutoka Mbarara, alimshonea shati la bure.

Mwezi Aprili 1998, Jumamosi, Gad alitoka mjini asubuhi kwenda kumwona mama yake. Barabara ilikuwa na vizuizi vya askari, kwa hiyo alifika karibu saa tisa alasiri. Jua lilikuwa linawaka. Juu ya volkano palikuwa peusi, wingu limekaa juu ya mlima tangu jana yake, lakini bondeni nguo zilikuwa zimeanikwa. Alipopanda ukuta wa kwanza wa lava alimkuta Vestine naye anapanda, ana dumu la maji kichwani, katoka Sebeya.

"Kaka, umekonda," Vestine alisema. "Huko mjini huli?"

Hakupata kujibu. Ilisikika sauti kama malori yanayomwaga kokoto, mengi kwa pamoja, na haikukoma. Wote wawili walitazama barabarani. Hapakuwa na lori. Kisha wakatazama juu ya bonde.

Maji yalikuja yakiwa mazito na ya kahawia kama uji wa mtama, yakisukuma mbele yake matawi, mawe na povu. Hayakuwa na kina kikubwa. Mwanzoni yalimfika mtu magotini. Lakini yalijaza bonde lote kwa upana, kutoka ukuta mpaka ukuta, na nyuma yake yalikuja mengine. Watu wa safu ya juu walikuwa tayari wanakimbia, wanapanda mawe upande huu na upande ule, wanaitana majina. Gatete alikuwa upande wa Gad, amebeba watoto wawili wa jirani kwapani, anamwita mkewe kwa sauti ya kijeshi. Robinah alikuwa ametoka nyumbani akiwa salama. Akageuka, akarudi ndani kuichukua cherehani. Nyumba ile ilikuwa ya udongo. Maji yalizunguka msingi, na ukuta ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na mabati yakalala juu yake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa bado imesimama. Kutoka walipokuwa, ilikuwa hatua arobaini hivi. Kamikazi alikuwa mlangoni kwenye mkeka wake. Alikuwa amesikia kishindo, lakini hakujua ni nini. Maji ya kwanza, membamba, yalikuwa yamefika kwenye mkeka, na yeye alikuwa anakusanya maharage. Aliyachota kwa viganja viwili na kuyatia kwenye ungo, haraka, kabla hayajalowa.

"Mama!" Vestine alipiga kelele. "Mama, acha! Inuka! Panda mawe, yako nyuma ya nyumba!"

Kamikazi aliinua kichwa. Aliisikia sauti ya bintiye, hilo lilionekana wazi, kwa sababu alitabasamu kidogo. Lakini kuta za lava zilirudisha sauti, na yeye akageuza uso upande usio wao.

Gad aliingia majini. Yalimfika mapajani kwa hatua tatu tu. Jiwe lilimgonga mguu, akapiga goti, akasimama tena. Vestine alimshika shati kwa nyuma, na mtu mwingine akamshika mkono, wakamvuta. Alipigana nao. Baadaye, alipokuwa anasimulia, hakuacha kusema jambo hili: kwamba kwa muda mfupi, mfupi mno, alikuwa na nguvu ya kuwashinda, na hakuitumia. Aliacha avutwe.

Alipokaa sawa kwenye mawe na kutazama tena, mlango ulikuwepo lakini mkeka haukuwepo. Kisha mlango nao haukuwepo.

Maji yalikaa bondeni siku mbili, kisha yakaondoka kwa mlio wa kufyonza, yakiingia kwenye matundu ya lava upande wa chini. Nyumba kumi na tisa zilikuwa zimeyeyuka. Watu wanne walikufa. Kamikazi alikutwa hatua mia tatu mbele, ameegemea mawe, uso wake safi.

Katika nchi ile, mwaka ule, watu wanne hawakuwa habari. Waliokuja kwenye mazishi walikuwa na maiti zao wenyewe za kukumbuka. Walimfariji Gad kwa nia njema. "Mzee alikuwa na miaka sabini na mitano," walimwambia. "Amekufa katika nchi yake. Wangapi wamepata hiyo?" Gad alisema asante kwa kila mmoja.

Wiki iliyofuata alipanda bonde peke yake, akifuata njia ya maji mpaka askari walipomzuia. Alikwenda akiinama kila penye ufa, akiingiza kidole. Nyufa zilikuwa zimejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa kama saruji. Juu zaidi, palipokuwa msitu alipohamia Gisenyi, palikuwa mashamba mapya ya viazi, na kila mvua ilikuwa imeshusha udongo wake kidogo kidogo kuziba midomo ya mwamba. Kitabu chake hakikukosea kuhusu lava. Kilikuwa kimeeleza lava yenye nyufa wazi.

Lakini jambo lililomkalisha chini ni jingine. Akiwa juu pale aligeuka, akaliona bonde lote kwa mara moja: ndimi mbili za lava, sambamba, na kati yake mfereji ulionyooka kutoka mlimani mpaka chini, kama bomba la bati linalokinga maji ya paa. Mtoto wa darasa la tano angeulizwa maji yatapita wapi, angeonyesha hapo. Yeye alikuwa amewafundisha watu kwamba mwamba ndio unaoamua, kisha akasimama katikati ya uamuzi wa mwamba na kuona mahali pa kujikinga na upepo.

Alikwenda ofisi ya komini, serikali ya wilaya ile, akamwambia ofisa aliyempokea kwamba kosa ni lake, kwamba ni yeye aliyesema pako salama. Ofisa alikuwa na karatasi nyingi na simu isiyofanya kazi.

"Mwalimu, pole sana kwa mama," alisema. "Lakini niandike nini hapa? Nitaandika mvua imezidi. Mvua imezidi kila mahali."

"Basi muwatoe pale. Muwape sehemu nyingine."

"Ipi?"

Gad aliaga, akatoka.

Kabla ya mkutano wa wanakijiji alikwenda kwa Mukantwari. Alimkuta anapepeta maharage nje ya nyumba yake, juu kidogo ya ukuta wa lava. Hakumkumbusha lolote. Alimpa kigoda na maziwa.

"Mukecuru, njoo mkutanoni," Gad alimwomba. "Waambie ulichoniambia mimi. Sema ulichoona."

Mukantwari alitikisa kichwa. "Mi ni mutu wa hapa, Mwalimu. Hawa ni batu walitoka inje. Nikisema watoke, watasema Mukantwari anataka ile udongo. Watasema na ingine mingi. We unajua wakati hii tuko nayo." Akaendelea kupepeta. "Kunywa maziwa. Iko ya moto bado."

Mkutano ulifanyika chini ya turubai la msaada, kwenye matope yaliyokauka. Gad alisimama, akasema yote: nyufa, udongo, mashamba ya juu, mfereji. Alisema maji yatarudi, na yakirudi yatakuwa mepesi zaidi kufika kwa sababu sasa yamejua njia. Aliomba wasijenge tena. Watu walisikiliza kwa adabu. Gatete ndiye aliyejibu. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na kwenye mkono alikuwa bado ana pete.

"Ticha, mimi nimempoteza Robinah hapa," alisema. "Usinifundishe mimi kuogopa hapa. Lakini niambie niende wapi. Mlimani? Nitachinjwa. Mjini? Nitapanga kwa kitu gani? Mabati tunapewa ya mahali hapa, jina langu limeandikwa mahali hapa."

"Najua. Lakini..."

"Tena ulituambia kwa mdomo wako mwenyewe mwamba unakunywa. Tukakuamini. Leo unatuambia mwamba haunywi. Mwakani utatuambia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Watu wachache walicheka kidogo, wakaacha. Gad aliketi.

Walijenga tena. Vestine naye alijenga, kwa sababu chumba cha mwalimu hakikumtosha mtu wa pili na orodha ya viwanja vingine ilikuwa imefungwa. Alisogeza nyumba hatua ishirini juu, hadi mawe yalipomzuia. Gad alijaribu kuchimba mfereji wa kuyageuza maji kabla hayajafika kwenye nyumba. Alichimba kwa jembe kila mwisho wa juma kwa miezi miwili. Chini ya udongo wa kiganja kimoja alikuta lava, na jembe likatoa cheche. Mwanzoni vijana watatu walimsaidia, kisha mmoja, kisha akawa peke yake. Alifika urefu wa nyumba mbili. Mbuzi walipenda kulala humo mchana.

Mjini alianza kushindwa kufundisha siku za mawingu. Akiwa ubaoni aligeuka dirishani kutazama volkano, na chaki ikabaki mkononi mpaka wanafunzi wakaanza kunong'ona. Mwanzoni mwa 1999 barabara ilipotulia, alirudisha ufunguo wa chumba cha mwalimu, akahamia bondeni kwa dada yake. Alitembea saa mbili kwenda shuleni na saa mbili kurudi. Vestine alimuuliza atasaidia nini akiwepo, ikiwa maji yatakuja.

"Sijui," alisema.

Yalikuja Novemba mwaka ule, mchana, siku ya Jumapili. Gad aliyasikia kabla ya wengine, akatoka mbio akigonga milango, akiwapandisha watu kwenye mawe, wazee na wagonjwa na waliokuwa wanakula. Wakasimama juu wote na kungoja. Maji yalipita bondeni yakiwa ya kifundo cha mguu. Yaliingia nyumba za chini, yakalowesha mikeka, yakamchukua bata mmoja na ndoo. Baada ya nusu saa yalikuwa yamekwisha.

Watu waliteremka wakitaniana. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba ugali wake umeungua bure. Gatete alimpita Gad, akampiga bega kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Umeona, Ticha? Yamepita tu. Ndiyo hivi yatakavyokuwa yanapita."

Watu walikuwa wameshaingia ndani, wanakunja mikeka, wanaitana kuuliza nani ana chumvi kavu. Vestine alikuwa mlangoni anasukuma tope nje kwa ufagio. Gad alivua viatu, akachukua jembe, akaanza kulikokota tope kutoka upande wa ndani.